Mahali Amerika

Siku moja kabla ya mahojiano, Baba alisema siendi.

Alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yetu, katika kambi ya polisi, akizipiga buti zake rangi. Kila nilipomsogelea, brashi iliongeza kasi.

"Baba, juzi uliniruhusu."

"Juzi sikujua."

"Hukujua nini?"

"Uliza roho yako, Aol."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kuomba nafasi katika chuo kimoja cha Amerika, chuo kinachochukua wachache sana kutoka dunia nzima. Kila mwombaji alitakiwa kuzungumza na mtu aliyewahi kusoma huko. Kwa Kampala mtu huyo alikuwa Bwana Ondiek, Mkenya mwenye duka la vipuri Nakivubo, na keshokutwa angesafiri kwenda kwao. Nisipomwona kesho, ombi langu lingeishia hapo.

Nilichuchumaa mbele ya Baba. Nilitaka kwenda, lakini zaidi ya hapo nilitaka kujua. Nini kimembadilisha?

Mwishowe aliweka brashi chini. "Tangu lini msichana akajitafutia mahari mwenyewe? Mimi na baba zako wadogo tumekufa?"

"Mahari gani?"

"Mama Dawudi ameniambia. Unatafuta mahari Amerika."

Mama Dawudi, jirani yetu Muganda, alikuwa mke wa sajini. Kwake habari ilikuwa "habali", na watu walikwenda kupiga "kula". Baba alifundishwa Kiswahili kwa kiboko katika mafunzo ya polisi, akajivunia kuzirejesha r za jirani kichwani mwake, kimyakimya, bila kumsumbua.

Nilimwita. Mama Dawudi akaja na mwiko mkononi.

"Ulimwambia Baba natafuta nini?"

"Mahali."

"Umesikia?" Baba akanigeukia. "Mahari."

"Mahali, Afande! Mahali pa kusoma!"

"Ndiyo, mahari ya..." Baba akasita. "Ng'ombe hawamo?"

"Ng'ombe wa nini? Mtoto anataka kiti cha shule!" Mama Dawudi alicheka hadi akaegemea ukuta. "Siku moja tu nimesema sawasawa, Afande, na wewe ukanisahihisha!"

Baba hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango asioujua ndani ya nyumba yake. "Sasa, miaka yote hii, nimesikia maneno mangapi ambayo hukuyasema?"

Wakaanza kuyajaribu, moja baada ya lingine, hadi mchuzi wa Mama Dawudi ukaungua.

Kesho yake Baba alinisindikiza, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ndogo nyuma ya duka. Bwana Ondiek hakugusa habari ya alama zangu.

"Hizo chuo kimeziona," alisema. "Niambie kitu unachojiuliza."

Nilikuwa nimekariri maelezo marefu kuhusu dawa ya malaria. Nilifungua mdomo, yakatoka mengine.

"Najiuliza kwa nini sikio husahihisha neno ambalo halikukosewa."

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye ng'ombe alicheka, kisha akaniinamia.

"Na jibu lake ni nini?"

"Sijui."

Shuleni neno hilo lilikuwa la kuonea aibu. Hapa lilitoka jepesi, na nyuma yake yakafuata maswali mengine: je, sikio la mtoto mdogo hufanya hivyo pia? Na huko Amerika, watu hupotezana kwa herufi zipi?

Bwana Ondiek alifunika kalamu yake. "Sisi Wajaluo tuna yetu. Mke wangu anaapa kwamba tangu anioe sijawahi kutamka 'shati'."

"Wewe ndiye uliyemwoa," sauti ya Baba ikasema nje.

"Afande, kumbe unasikia! Ingia basi, utuamulie. Nikisema sati, wewe unasikia nini?"

Baba aliingia, akavua kofia, akavuta kiti karibu kabisa.

"Sema tena," alisema.