Pua Iliyosingiziwa

Mjini Nefta, pua ya Imamu Larusi ilijulikana kuliko imamu mwenyewe. Watu waliamini inatoka damu. Haikuwahi kutoka hata tone.

Mambo yalianza baada ya kukatwa bawasiri. Siku moja, katikati ya sala ya alasiri, upepo ukamtoka bila hata kubisha hodi. Udhu umekwenda. Adabu anaijua: ashike pua kama mwenye kutokwa damu, amvute mtu wa safu ya mbele ashike nafasi yake, atoke zake. Akashika pua, akamvuta mpwa wake Tayebu, akatoka.

Ingekuwa mara moja, ingepita. Ikawa kila wiki, kisha kila siku, na mji mzima ukaivamia ile pua. Huyu kaleta ndimu, yule kitunguu. Hedi kinyozi akaapa kwamba ngamia wake aliwahi kupona kwa moshi wa manyoya ya mbuzi, akapona hata ukaidi.

“Sheikh, inua kichwa nikufukize.”

“Niache, Hedi.”

“Nikuache vipi? Damu itaisha yote, tusalishwe na kanzu tupu!”

Akafukizwa. Akapiga chafya, na chafya ikamsaliti kule nyuma. Hedi akakilaumu kiti.

Mwishowe akaenda Sfax kwa Daktari Dora, mwanamke wa umri wa binti yake, akaeleza huku akitazama ukuta. Dora hakucheka.

“Baba, huko nyuma kuna pete mbili za misuli. Ya ndani hujifunga yenyewe hata ukiwa umelala. Ya nje inakusikiliza wewe. Halafu kuna sakafu ya nyonga, imetandazwa kama kitanda cha kamba, na ukanda wake mmoja huukunja utumbo kama unavyokunja mpira wa maji usimwage. Kisu kimekula kipande cha pete.”

“Kwa hiyo mimi ni gunia lisilo na kamba?”

“Kamba ipo, imelegea. Bana kama unazuia upepo mbele ya wakwe. Shikilia, kisha achia. Usikaze makalio wala usizuie pumzi. Kila siku, baba.”

Akabana. Alibana akinywa chai, akichambua tende, akipatanisha wanandoa. Miezi ikapita, Tayebu akisalisha, hadi upepo ukajifunza kutii.

Alichotaka ni kimoja tu: kurudi mbele ya safu. Akaona heri aseme kweli. Baada ya adhuhuri akasimama, akawaambia pua haikuwa na kosa, akataja penye kosa, akasema amepona.

Hedi akauliza polepole, “Na sala zetu zote za nyuma yako?”

“Kila upepo uliponitoka, nilitoka.”

“Na ule uliotoka usiusikie?”



Tayebu, aliyefundishwa alifu na mjomba huyu huyu, akamshika mkono kwa upole mwingi. “Mjomba, pumzika. Si mimi, ni watu.”

Alasiri ile wengi walifika mapema kulipa sala za zamani. Larusi akasimama safu ya mwisho. Mtu hutakiwa kuunganisha bega na mwenzake, lakini wa kulia alisogea kidogo, na wa kushoto akasogea zaidi. Akabana kutoka takbiri hadi salamu. Hakikutoka kitu, na hapakuwa na mtu karibu wa kulishuhudia hilo.