Kwetu Hasifiwi Aliye Hai

Kwetu mtu hasifiwi akiwa hai. Ukisikia anasifiwa, ujue keshafunikwa shuka. Baba aliitwa mzigo maisha yake yote, na siku ya mazishi ndipo nikasikia kwamba alikuwa nguzo ya ukoo.

Kwa hiyo mimi na kaka tulipendana kwa kutukanana. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchomelea vyuma nilipoacha shule. Geti langu la kwanza alisema hata mwizi angelionea huruma. Mimi nikampachika jina la Kipara, na wateja nao wakalidaka.

Mapafu yake yalipokwisha, daktari alituvuta pembeni mimi na shemeji, mke wake. Akasema tumrudishe nyumbani, tumpe anachopenda. Shemeji akanisihi kaka asiambiwe. Alikuwa bado anapanga kununua grenda mpya ya kukatia vyuma, na tumaini hilo ndilo lililokuwa likimwinua kitandani kila asubuhi.

Nikakubali. Lakini kuna jambo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nilitaka alisikie yeye, si waombolezaji.

Nilimkuta ameegemezwa mito, pumzi ikilia kama mvukuto uliotoboka. Akaniuliza kama karakana bado imesimama au nimeshaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hapo ilikuwa zamu yangu ya kutukana. Sikuweza.

"Kaka," nikamwambia, "tulipoanza tulikuwa na miwani moja ya kuchomelea. Ukanivalisha mimi. Wewe ukawa unageuza uso, unachomelea kwa kukisia. Macho yangu ni mazima kwa sababu yako. Umekuwa baba kwangu. Ahsante."

Akanitazama kwa yale macho yake mekundu, yanayochuruzika. Tabasamu la utani likamfifia usoni taratibu.

"Daktari amesema nini?"

Nikasema hajasema kitu. Uongo sijauweza tangu utotoni, na yeye ndiye aliyenilea.

Shemeji alikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto. Akalitua sakafuni, akaniangalia kama mtu aliyekuta mbwa jikoni kwake.

Kaka akanishika mkono kwa kile kiganja chake chenye makovu ya cheche.

"Umeshaniua, mpumbavu wewe," akasema. "Basi malizia. Baba hakuyasikia ya kwake."

Nikaanza upya, tangu ile miwani. Alifumba macho, lakini kila niliponyamaza alinifinya mkono niendelee. Nikaendelea mpaka maji ya beseni yakapoa.

Asubuhi yake hakutaka kuinuliwa. Wala iliyofuata. Habari ya grenda hakuitaja tena.

Shemeji mpaka leo hanisemeshi zaidi ya salamu, na simlaumu. Mazishini watu walisimama mmoja mmoja, wakamwita nguzo. Mimi nilichukua koleo, nikasaidia kufukia.