Mashine ya Gesi ya Ishaka

Mume wangu Ishaka ni mwerevu mno, Mungu amhifadhi. Sakafu ya gari letu ilioza kwa kutu hata mguu wa mamangu, Bi Dhahabu, ukapenya ukagusa lami, hukohuko kwao Likoni. Mama akaapa: "Wallahi sipandi tena humo mpaka chini pazibwe!" Mwaka uliofuata, tisini na nne, nikajifungua mwanangu wa kwanza. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: siku ya arobaini mama awepo, ampakate mjukuu wake. Miguu yake imevimba, matatu haziwezi. Teksi? Ishaka alinikodolea macho: "Mkwe wangu apande teksi na mie nina gari?"

Jirani yetu hapa Utange, fundi Chengo, alijitolea kulichomelea kwa siku moja. Weee! Bwana mkubwa hafanyiwi kazi na mtu. Akafunga safari hadi Changamwe kununua mashine yake mwenyewe ya kuchomelea, ile ya MIG, inayotoa waya yenyewe. Chengo akamfuata, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Za bei nafuu zilikuwa mbili. Moja hutumia waya wenye dawa ndani, haina haja ya gesi. Ya pili bei rahisi zaidi, lakini lazima mtungi upulize gesi ifunike chuma kikiwa bado moto.

"Chukua ya dawa," Chengo akamwambia. "Wewe utafanyia nje, na gesi haitaki upepo, huipeperusha."

"Dawa ya nini? Gari langu laumwa?"

Akaja na ya gesi, amevimba kichwa huyo! Sasa sisi watu wa pwani, kabla ya kazi yoyote twatafuta kwanza panapopiga upepo. Ishaka akaliegesha gari pale uani penye baridi tamu, shati lampepea, akawasha mashine. Mie mzazi, sitoki nje mpaka arobaini itimie, nikamwita dirishani: "Mume wangu, si Chengo alisema upepo—"

"Wewe kunywa uji wako!"

Nikanywa uji. Kiraka kikatoka na vitundu tele kama mkate wa kumimina. Chengo alipokiona alisema kivunjwe kirudiwe, tena ndani ya banda. Ishaka akakipaka rangi nyeusi mikono miwili, vitundu visionekane, akakisifu kutwa nzima.

Siku ya arobaini akavaa kanzu, akaenda Likoni kumchukua mama. Wageni walikula, wakaomba dua, wakaondoka. Alasiri Ishaka akarudi peke yake, hata usoni hanitazami. Mama alikuwa amekijaribu kiraka kwa mkongojo kabla ya kupanda, mkongojo ukatokeza mchangani. Akaufunga mlango wa gari polepole. "Mpe mwanangu salamu," akasema. "Mwambie pole."

Nililia, nisiseme uongo. Kisha hasira zikanikausha machozi. Arobaini imeshatimia, nani wa kunizuia? Nikajitanda leso, nikambeba mwanangu, nikapanda matatu, nikavuka feri.

Mama alikuwa mkekani. Alinyoosha mikono kabla sijapiga hodi, akampakata mtoto, akamnusa kichwa. Moyo wangu ukatulia.

"Utalala?" akauliza.

"Ndiyo, mama, nikikubaliwa."

"Basi kaa. Na babake akija kukufuata, aje kwa miguu."

Nilikaa mwezi mzima.