Jina Lililofutwa Toleo la Pili

Margareth alikuwa amechoka hata kabla ya kuiwasha kompyuta. Mwaka mzima wa themanini na nne aliumalizia katika chumba kile cha chuo, Morogoro, akiandika programu ya kutunza habari za mbegu: ipi imepandwa Mlali, ipi Dumila, ipi imezaa. Leo wageni wa Dodoma wamekuja kuichukua.

Kioo kikawaka. Programu, kama ilivyo desturi yake, ikaanza kwa kujitambulisha:

PROGRAMU YA MBEGU. TOLEO LA PILI. IMETUNGWA NA NDUGU YUNUSI, MKUU WA IDARA.

Basi. Toleo la kwanza lilikuwa na majina mawili, lake likiwa la chini. Yunusi alimwagiza alifute, naye akalifuta kwa vidole vyake mwenyewe. Kuuliza nako kunataka nguvu.

Mgeni mmoja, Ndugu Fransisko, akasoma taratibu. "Ikigoma, tumwandikie huyu?"

"Huyo huyo," akasema Yunusi.

Mama Asia, mpika chai, alikuwa akigawa vikombe. Wiki ya tatu hiyo chai haina sukari. Yeye Mluguru, Yunusi Mnyamwezi, watani tangu mababu wa Yunusi walipopita hapa na misafara, wakibeba mizigo.

"Mwandikieni mkiwa na mizigo ya kubebwa," akasema. "Mnyamwezi huyu hata kuiwasha hawezi, mpaka aitwe Margareth. Juzi kabonyeza kitu, kikalia, katoka mbio kama kaona nyoka."

Wageni wakacheka. Yunusi naye ikambidi acheke, mtani hakasirikiwi.

"Mama Asia, siku ukifa nitakuja kuvuruga matanga yako."

"Yavuruge. Ila jina la mwanangu Margareth lirudishe."

"Mimi nilimhurumia," Yunusi akamgeukia Fransisko. "Jina likikaa pale, kila kitakachoharibika kitamfuata yeye."

Fransisko akazitoa mkobani diski sita zenye nakala za programu, alizokwisha kuzifunga kwa safari, akaziweka mezani. "Ndiyo maana tunataka jina lake, ndugu yangu."

Margareth akaitazama saa. Saa saba na nusu, na gari la wageni linaondoka saa tisa. Chakula cha mchana ndicho hicho kimeshampita. Hakushukuru, hakulalamika. Kiooni akaandika jina lake chini ya la Yunusi, na sanduku la posta.

"Liandike kubwa," akanong'ona Mama Asia.

"Herufi zote zina kimo kimoja, mama."

Akatia diski ya kwanza, ainakili programu upya. Mashine ikaanza kukoroma, naye akaegemea ukuta, akafumba macho.