Kugonga Madigadi

Tangu asubuhi Alute alikuwa ameinama ndani ya boneti ya Landrova, makalio juu, kichwa chini, hata mpita njia angedhani gari limeanza kummeza. Platini mpya ya kutolea cheche hakuipata mjini pote. Aliichukua ileile ya zamani, akaisugua kwa msasa, akaipima nafasi kwa kipande cha boksi la kiberiti, akairudisha ndani ya distributa, ile inayogawia plagi umeme. Kilichobaki kilikuwa kuseti taiming, cheche ije wakati wake, isitangulie wala isichelewe.

Leo haikuwa na mjadala. Gereji zote za kando ya barabara hii ya Mwankoko zilikuwa zimepigwa X nyekundu ya kubomolewa, na amri ilisema gari lisilotembea ni chuma chakavu, litapakiwa. Lori la kupakia lilikuwa limeshaegeshwa mdomoni mwa uwanja na winchi yake imeshanyakua mabodi ya jirani. Landrova ndiyo iliyokuwa shamba la Alute na mkewe Damari. Wakati wa alizeti ilibeba magunia kutoka Kinampanda, kwenye njia ambazo magari ya maana hayataki kuingia, na alizeti zikiisha iliwalisha kwa vitunguu. Ikiondoka hiyo, wangebaki na masanduku ya spana na njaa.

Stata ilikufa zamani. Betri waliyonayo ilikuwa ya bodaboda, ya kuwasha balbu ya kupimia na kutoa cheche tu, basi. Kwa hiyo injini iliamshwa kwa hendeli, chuma cha kuizungushia kwa mkono kutoka mbele ya gari, na hendeli ilikuwa kazi ya Damari. Watu walimcheka Alute, eti mke anazungusha injini na mume kashika bisibisi. Wacheke. Damari alikuwa na mabega ya mkulima na Alute alikuwa na masikio, walishagawana. Na kwa vile boneti iliwaficha na kelele za gereji haziruhusu kuitana, walikuwa na utaratibu wao wa miaka yote: Alute akigonga madigadi mara mbili kwa spana, Damari anazungusha. Asipogonga, Damari anasimama tu, mkono kwenye hendeli.

Alute alikuwa amelegeza bolti ya distributa na kuisukuma mbele kupita kiasi, makusudi, ili airudishe polepole mpaka balbu iwake pale inapotakiwa. Hapo katikati injini haichezewi. Cheche ikitangulia mno, pistoni inasukumwa chini kabla haijafika juu, na hendeli inarudi kinyume na nguvu zake zote.

"Shikamoo, mzee," sauti ikasema mgongoni kwake.

Alikuwa Kefa, afisa aliyetumwa kusimamia zoezi, kijana wa suruali iliyopigwa pasi. Adabu ya salamu alikuwa nayo kamili.

"Marahaba, mwanangu. Bado kidogo. Naseti taiming, halafu tunatoka wenyewe."

"Mzee, hapa kila mtu ni bado kidogo. Lori lina safari nyingine."

"Si mlisema likitembea linasalimika?"

"Tulisema. Sasa mbona silioni likitembea?" Kefa akapiga madigadi kwa kiganja, pa, pa, kama mtu anayeharakisha punda. "Haya, haya! Mnatuchelewesha!"

Alute aliinua kichwa apige kelele. Hakuwahi. Mbele ya gari Damari alishavuta pumzi na kuzungusha. Injini ikatoa kishindo kimoja, hendeli ikarudi kinyume, na Damari akatoa sauti ambayo Alute hakuwahi kuisikia kwake hata siku aliyojifungua.

Mkono ulikuwa umepinda juu ya kifundo, mahali pasipo na kiungo. Alute alipiga magoti, akaufunga kwa kanga na kipande cha ubao. Alitaka kulia, alitaka pia kumkaba mtu koo, na hakufanya lolote kati ya hayo.

"Nilisikia umegonga, Baba Jesca," Damari alisema, meno yameumana.

"Si mimi, Mama Jesca."

Wote wawili wakamtazama Kefa.

"Mimi nimegusa bodi tu," akasema. "Mambo yenu ningeyajuaje? Poleni sana. Mpeleke hospitali, mzee."

"Nikirudi nitalikuta gari?"

Kefa akaangalia lori. "Mimi natekeleza maagizo."

"Liwashe," Damari akasema. "Twende nalo. Nitakaa mbele."

Alute aliirudisha distributa mpaka balbu ikawaka palepale kwenye alama, akakaza bolti nusu, akazungusha mwenyewe. Injini ikashika, ikakohoa, ikatetemeka mwili mzima. Akarudi kwenye boneti, akatega sikio, akaisogeza distributa kiasi cha unywele, na ile mitetemo ikaisha, sauti ikanyooka. Hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote alizofanya mwaka huo, na hakuwa hata na nafasi ya kuifurahia. Akakaza bolti, akampakia mkewe, akapita pembeni ya lori, akaingia barabarani.

Trafiki aliyekuja na msafara wa lori akanyoosha mkono.

"Bima imekwisha, mzee. Gari hili haliruhusiwi barabarani."

"Uwanjani lisipotembea ni chuma chakavu. Likitembea ni kosa. Nilipeleke wapi, afande? Angani?"

"Usinijibu hivyo. Endesha mpaka kituoni."

"Mke wangu amevunjika mkono. Nianzie hospitali."

"Kituoni kwanza."

Alute akamtazama Damari. Jasho lilimchuruzika mpaka shingoni. Akafungua mlango kwa mkono wake mzima. Alute akazima swichi.

Landrova ikanyamaza katikati ya barabara, imeziba pua ya lori la vyuma, na nyuma yake Fuso la vitunguu likaanza kupiga honi.

"Washa!" trafiki akafoka.

"Stata haina, afande." Alute akaiweka hendeli juu ya boneti. "Inawashwa kwa hii."

Trafiki akawageukia mgambo waliokuja na lori. Mgambo wakautazama mkono wa Damari, na hakuna aliyesogea.

"Mzee wangu, tusifike huko," Kefa akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Alute akamshika mkewe kiunoni, wakaanza kutembea kuelekea kijiwe cha bajaji, honi zikiongezeka nyuma yao.

"Watalichukua?" Damari akauliza.

"Watalichukua."

Wakatembea kidogo.

"Taiming ilikaa?"

"Ilikaa," Alute akasema. "Ilikaa vizuri sana." Na hapo ndipo machozi yalipomtoka.