Kabati la Milango Mitatu

Filamu ilikuwa na waigizaji wawili, simu moja na mwongozaji mmoja, na huyo mwongozaji alikuwa ndani ya kabati. Tusimcheke bado. Mtu asiye na studio, asiye na taa wala kibali, akitaka sebule nzuri ya kuigizia ataipata wapi? Ataipata kwenye duka la samani, pale makochi yalipopangwa vizuri, meza ndogo mbele na zulia chini, utadhani mwenye nyumba ameingia jikoni mara moja. Hata hadithi yenyewe waliitunga kulifuata duka. Mume na mke wapya hawana pa kukaa, basi wanahamia duka la samani. Asubuhi wanaingia kama wateja, wanakaa kochini, wanajaribu kitanda, wanagombana, wanapatana, na duka likifungwa wanatoka wakiahidi kurudi kesho na jibu. Nani atawafukuza? Mteja ni mteja.

Mke aliigizwa na Msusi, aliyeaga wateja wake saluni akisema ana udhuru. Mume aliigizwa na Bonge, rafiki yao tangu shule, mwalimu wa chekechea, mtu mwenye sauti ya kuamsha watoto arobaini waliolala baada ya uji. Na aliyekuwa kabatini ni Fundi Simu, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na ambaye, ukiacha mambo ya filamu, ndiye mchumba wa kweli wa Msusi. Kabati lilikuwa kubwa, la milango mitatu, limeelekea kochi moja kwa moja. Fundi Simu mwembamba, kamera yake ni simu. Mlango wa kati ukiachwa wazi upana wa vidole viwili, kochi lote linaonekana.

Kwa kuwa mwongozaji aliye kabatini hawezi kupaza sauti, walipatana ishara. Akigonga ubao mara moja, rudieni. Akigonga mfululizo, endeleeni, mambo yamenoga, msisimame hata duka likiwaka moto. Hiyo ishara ya pili ndiyo iliyotaka kumnyima mtu mke.

Asubuhi ile, nje ya duka, Msusi alikuwa amemshika mchumba wake shati. "Harusi mwezi ujao. Shangazi utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

"Unasema hivyo tangu tuanze. Kila tukitoka kurekodi unamwambia unakwenda kutengeneza simu za watu."

Shangazi ndiye aliyemlea Fundi Simu baada ya wazazi wake kufariki. Alimlea kwa mkono mmoja na kumwogopesha kwa ule mwingine, na alikuwa na msimamo wake: mtu mzima anayejifanya mtu mwingine mbele ya kamera amekosa kazi, au amekosa malezi. Fundi Simu angeweza kufungua simu iliyozama mtoni akaifufua, lakini kufungua mdomo mbele ya Shangazi ulikuwa mtihani mwingine kabisa.

"Mimi sikatai kumngojea mtu," Msusi alimwambia. "Ila siolewi na mtu anayejificha."

Fundi Simu akaitikia kwa kichwa, akaingia dukani, akaenda kujificha kabatini. Ndiyo kazi yenyewe, utafanyaje.

Wakaanza. Msusi aliketi kochini, mkoba mapajani. Bonge akajitupa kando yake mpaka kochi likalalamika.

"Umemwalika mama yako?" Msusi alisema. "Hapa?"

"Mama anataka kuona nyumba ya mwanawe."

"Nyumba gani, wewe? Kila kitu humu kina kibandiko cha bei!"

"Nimemwambia tuna sebule nne. Kafurahi sana."

"Na jiko je?"

"Nimemwambia jiko linakuja."

Walidhani watu watawapita. Hawakujua kwamba ugomvi wa mke na mume mbele za watu ni mwaliko. Mama mmoja aliyekuja kutafuta meza ya kulia alisogea, akaketi upande wa pili wa Msusi, akamshika mkono. "Mwanangu, mama mkwe anapokelewa. Mengine mtayamaliza chumbani." Bwana mmoja mwenye futi ya kupimia naye akasimama, akasema hapana, mwanamume ana makosa, mgeni haalikwi kabla mke hajaulizwa. Mama wa meza akamgeukia. Wengine wakaongezeka. Na kutoka kabatini ukasikika mlio wa vidole juu ya ubao, ko-ko-ko-ko, mfululizo. Endeleeni! Bonge alipata nguvu mpya, akaanza kuusimulia umati jinsi mke wake anavyolala katikati ya kitanda. Msusi aliuma mdomo asicheke. Alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuipata kwenye kipande chochote walichorekodi.

Ndipo alipoiona mikono miwili imekunjwa kifuani, nyuma ya bwana wa futi. Akapandisha macho. Shangazi.

"Kumbe una mume," Shangazi alisema.

Msusi akasimama, akakaa, akasimama tena. "Shikamoo, Shangazi."

Sasa Bonge, kwa bahati mbaya yake na ya kila mtu, hakuwa amewahi kumwona Shangazi. Yeye aliona mama mwingine amekuja kusuluhisha, tena huyu mwenye uso wa kuonekana vizuri kwenye filamu. "Karibu, mama, keti," akasema. "Utusaidie. Huyu mke wangu hataki wageni nyumbani kwetu."

"Mkeo?"

"Wa ndoa kabisa! Tuna miezi mitatu sasa."

Msusi akampiga teke la mguu. Bonge akadakia. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Hivi ndivyo ninavyoishi!"

Umati ukaguna. Mama wa meza akauachia mkono wa Msusi. Msusi hakumtazama yeyote kati yao. Alilitazama kabati. Alijua kwamba kutoka pale alipo Fundi Simu anaona kila kitu na kusikia kila neno. Alichotakiwa ni kusukuma mlango tu. Aseme neno moja, aseme hata jina lake, mambo yataisha. Na ndipo Msusi akaona kwamba ule upenyo wa vidole viwili haupo tena. Mlango ulikuwa umebana kimya. Amejifungia, akawaza. Amemwona shangazi yake, akavuta mlango.

Halafu likaja lile lililomkata maini. Ko-ko-ko-ko-ko. Mfululizo. Nyuma ya duka mashine ya kupigia randa ilikuwa inaunguruma, na wengine wote walidhani ni mafundi wanapigilia misumari, lakini Msusi aliusikia ubao ule vizuri. Bonge pia aliusikia, akatanua kifua, akazidi kupayuka.

Endeleeni, anasema. Mimi navuliwa nguo mbele ya shangazi yake, naye anataka niendelee, filamu yake inanoga.

"Mimi nimekuja kuwachagulia kabati," Shangazi alisema, na sauti yake haikuwa kali tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilisema huyu mtoto hana mama, nani atamwekea kitu ndani? Nimetoka nyumbani na furaha yangu yote. Kumbe nakuja kukukuta hapa na mumeo."

"Shangazi, si hivyo."

"Ni vipi, basi? Nieleze."

Angeweza kueleza. Neno lenyewe ni dogo, filamu. Lakini lilikuwa neno la Fundi Simu kulisema, tena alikuwa amekaa nalo hatua chache kutoka pale, gizani, akigonga. Msusi akachoka ghafla, uchovu wa mtu aliyesimama siku nzima akisuka kichwa kikamfumukia mkononi. "Muulize mwanao," alisema.

"Mwanangu yuko kazini, anatafuta mahari yako!"

"Haya, Shangazi." Akaanza kuivua pete ya uchumba. Ilikuwa imebana kwenye kifundo cha kidole, akaizungusha, akaivuta.

Bonge aliiona ile pete na kwa mara ya kwanza siku ile akanyamaza. Teke halikumfunza kitu, lakini pete hiyo aliifahamu. Alikuwepo ilipochaguliwa.

Sasa muuzaji wa duka, mtu wa makamo mwenye tai fupi, alikuwa amesimama pembeni akiona mteja wa kabati anakaribia kuondoka bila kabati. Hilo lilimuuma kuliko ndoa ya mtu yeyote. "Mama," akasema kwa adabu, "usikasirikie bidhaa. Mambo ya watoto ni ya kupita, kabati linabaki. Hebu angalia nafasi iliyomo humu ndani tu, hata kama hununui." Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango wa kati.

Fundi Simu akadondoka zuliani kwa magoti na viganja, amelowa jasho, simu bado mkononi. "Shangazi, ni filamu!" akapiga kelele kutoka pale chini. "Huyo si mumewe! Huyo ni mwalimu wa chekechea! Huyo mke ni wangu mimi!"

Shangazi alimtazama mwanawe, akalitazama kabati, akamgeukia muuzaji. "Haya makabati mnayauza na watu ndani?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Wote isipokuwa Msusi. Yeye pete ilikuwa imefika kwenye ukucha.

"Ulikuwa unagonga tuendelee," alimwambia.

"Nilikuwa nagonga mnifungulie!"

"Uliufunga mlango mwenyewe."

"Nimefunga mimi," muuzaji alisema, akiuinua ufunguo. "Samahani. Watu walipojaa nilisogea kuja kuona, nikakuta mlango wazi. Mlango wa kabati ukiachwa wazi bawaba zinalegea. Mimi nikiona mlango wazi mkono unakwenda wenyewe. Nafunga, natia ufunguo mfukoni. Sikuangalia hata ndani."

Bonge alijishika kichwa. "Na mimi kila ukigonga naongeza! Nikajua leo nimepatia kweli kweli!"

Kila mtu aliona mambo yameisha. Msusi aliona bado. Aliuliza polepole, kwa sauti ya kumtosha Fundi Simu peke yake, ingawa duka zima lilisikia. "Ulianza kugonga lini? Uliposikia joto, au uliposikia sauti ya Shangazi?"

Fundi Simu angesema nini ambacho Msusi angeamini? Amekwisha kusema "nitamwambia" mara nyingi mno. Akaitazama simu yake. "Sikuizima," alisema. "Imerekodi tangu mwanzo." Akamkabidhi yeye mwenyewe.

Msusi akarudisha nyuma mpaka anapojiona kwenye kioo cha simu, anauma mdomo asicheke, kisha kivuli kikapita, ufunguo ukalia, na picha ikawa nyeusi tii. Zilibaki sauti. Umati ulijisogeza. Sauti ya Shangazi ilitoka kwa mbali, imezibwa na mbao: "Kumbe una mume."

Halafu kimya. Pumzi ya mtu ndani ya boksi, moja, nzito. Ya pili. Msusi aliishika simu kwa mikono yote miwili.

Halafu mnong'ono. "Toka." Ilikuwa sauti ya Fundi Simu akijisemesha mwenyewe. "Toka, mjinga wewe. Hata akikutafuna mzima, toka." Mara mlango ukasukumwa. Ukasukumwa tena kwa bega. "Umefungwa? Umefungwa! Shangazi! Shangazi, niko humu! Mwache, hana kosa, kosa ni langu!" Ubao ukaanza kugongwa mfululizo, na juu ya kelele hizo sauti ya Bonge ikipaa, ikihesabu miezi ya ndoa, na kila Bonge alipopaza, yule wa kabatini alipaza pia, mpaka sauti ikamkauka, akabaki kusema tu, "Mwache mke wangu. Mwacheni."

Msusi alikwisha kuirudisha pete mahali pake bila hata kuitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka, akaketi. Fundi Simu alikuwa ametoka. Mlango ndio uliokataa, yeye alikuwa ametoka.

Shangazi naye alikuwa ameketi, kwenye kochi lilelile. "Rudisha pale mwanzo," alisema. Wakamrudishia. Akasikiliza zile pumzi mbili kwa makini. "Nilikulea uniogope hivi?"

Fundi Simu alikuwa bado kapiga magoti zuliani. Bonge akajibu kwa niaba yake. "Mama, mimi na wewe tumejuana sasa hivi tu, na nimeshaogopa."

Shangazi alijitahidi kukaza uso. Ukamshinda. Alicheka mpaka akamshika Msusi begani ili asianguke, na mkono ule hakuuondoa. "Kazi yenu hii bado siielewi," alisema alipotulia. "Na wewe, siku nyingine ukiniambia unakwenda kutengeneza simu, nitakuja kuzihesabu. Lakini hilo la mwisho, la 'mwache mke wangu', nimelielewa." Akamwinua mwanawe kwa sikio, kidogo tu, kwa mazoea.

Muuzaji aliuliza kama sasa mama angependa kuliona kabati kwa ndani. Shangazi alisema ameshaliona, limejaribiwa, halitoi sauti.

Fundi Simu alikuja kuketi karibu na Msusi, akachukua simu, akatazama kile kipande kirefu cheusi kisicho na picha hata moja. Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima imeharibika. "Kinajaza nafasi bure," alisema kwa aibu. "Nikifute?"

"Ukikifuta," Msusi alisema, akifuta uso kwa kiganja, "harusi hakuna."