Duara Lililoachwa Tupu

Maneno yalimkuta mama akiwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Jirani yake, muuza mkaa, alimwambia kwamba Upepo, mtoto wa dada wa mama huyo, anamsema binti yake Kigingi mtaani: eti kwenye gemu hajui kulenga, timu inamweka kwenye duara kama mtungi, kazi yake kukaa tu. Mama akapindisha mshono, akaufumua, akaupindisha tena. Neno lilimganda kama kupe.

Alimfikishia binti yake, akaongeza na chumvi. "Mkomeshe, mwanangu. Mdharau mwiba mguu huota tende."



Jumamosi mchana, mwenye chumba cha gemu alikuwa anachagua mtu wa mwisho wa timu itakayosafiri kwenda mashindanoni: ama Kigingi, ama Upepo. Kigingi aliitaka nafasi ile mpaka akawa anaiota. Gemu yenyewe ni ya bunduki, ila ushindi hauletwi na kuua. Kuna duara kwenye uwanja. Timu iliyo ndani peke yake ndiyo inayopata pointi. Ukiliacha tupu, mwenzio analichukua. Ukiuawa, unafufuka na kurudi.

Mama alisimama nyuma ya kiti cha binti yake. Kigingi alikaa ndani ya duara, hatikisiki, pointi zinapanda. Upepo akamvizia, akamwua, akamchezea ngoma juu ya maiti.

"Mtungi umepasuka," akasema. Chumba kizima kikacheka.

Kigingi akafufuka, akarudi, akalishika duara tena. Upepo akapita kwa mbali, akamchungulia, akakimbilia ngazini.

"Unamwachia?" mama akafoka. "Mfuate huyo."

Kigingi akatoka. Akamwua ngazini. Akamngoja afufuke, akamwua tena mlangoni. Mama akapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nyuma yao wenzake Upepo walikuwa wameshaingia kwenye duara tupu, wamekaa kama wenye nyumba. Mechi ikaisha hivyo.

"Umeua kuliko wote," mwenye chumba akamwambia Kigingi. "Lakini nilikuwa natafuta anayekaa."

Akampa Upepo nafasi. Upepo akaja kumpa mama mkono kwa adabu zote. "Shikamoo, mama mkubwa. Na asante. Mimi nilijua hatoki kwa maneno yangu, atatoka kwa yako. Ndiyo maana nikamwambia muuza mkaa."

Mama akauchomoa mkono wake. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha kushonea. Gauni la dada yake lilikuwa mezani, limebaki pindo tu. Akalipasua kwa mkasi toka shingoni mpaka chini, akihema.

Kigingi alikuwa mlangoni. "Gauni limekukosea nini?"

"Mwanawe kakutoa kwenye duara."

"Alinichokoza tu, mama. Aliyenitoa ni wewe."

Dada akaja kuchukua gauni lake, akachukua vipande. Mpaka leo hawaamkiani, na Kigingi akienda kucheza haagi.

Mwenye mtoto anayecheza gemu hizi aepuke haya:

Kumpelekea mtoto maneno ya mtaani kabla ya mechi.
Kusimama nyuma ya kiti chake.
Kumshangilia anapoua bila kutazama duara lina nani.
Kumtuma akulipizie hasira zako.
Kushika mkasi kabla hujapoa.